Sahani ya Buluu ya Magogoni

Bi Rania wa Magogoni alipofariki, aliwaachia binti zake wawili nyumba, minazi mitatu na sahani moja kubwa ya kale. Nyumba na minazi waligawana kwa salama. Sahani ndiyo iliyowafarakanisha. Ilikuwa nyeupe, imepigwa chapa ya buluu: daraja, mti ulioinamisha matawi, nyumba ya Kichina yenye mapaa yaliyopinda na ndege wawili wakitazamana angani. Kila Idi, mama yao aliwapakulia humo bokoboko, ngano iliyopondwa kwa nyama.

"Mimi ndiye niliyemuuguza miaka minne," alisema Kuluthum, mdogo mtu.

"Nami aliniahidi tangu sijaolewa," alijibu Mwanaima. Akaifunga sahani ndani ya leso, akaenda nayo kwake Bombolulu. Tangu siku hiyo wakawa kama paka na panya.

Wardah, jirani na shoga wa wote wawili, angeweza kunyamaza. Hakunyamaza. Alitaka Kuluthum amwone rafiki wa kweli, basi kila jioni aliketi barazani kwa mwenzake akitonesha kidonda.

"Dada gani yule, wallahi? Hata mama yenu alipougua, alikuja kukagua vyombo tu!"

Kuluthum alilia, wala hakumkanya.

Mwezi wa tano wa ugomvi huo Kuluthum alishikwa na homa kali, chakula hakipiti kooni. Siku ya nne, Wardah akiwa pale anamjulia hali, hodi ilibishwa. Mwanaima aliingia amebeba ile sahani, bokoboko likifuka mvuke, samli ikimeremeta juu.

"Nimesikia huli," alisema. "Ukiukataa mkono wangu, usiikatae sahani ya mama."

Kuluthum aliinuka kwa taabu, akala tonge moja, la pili, la tatu. Kisha akamshika mkono.

"Nisamehe, dada. Sahani ni yako."

"La, ibaki hapa. Mimi nitakuja kula kwako."

Wardah alipiga makofi. "Alhamdulillahi! Nilijua mtapatana."

Kuluthum alimtazama kwa huzuni. "Wardah, uliniambia dada yangu alikuja kwa mama kukagua vyombo. Mwenyewe huyu hapa. Mwambie."

Mwanaima aligeuka polepole. Wardah alijitanda leso, akatoka kichwa chini, na baraza ile hakuikalia tena.

Ama kweli, ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune.