Mmoja Atakayejua Anapoishi Bupe

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akalale mapema. Mwisho wa hadithi hii nitataka jibu, na mimi mwenyewe sinalo.

Palikuwa na nyumba moja Tukuyu, ya mjane aitwaye Subilaga. Humo aliishi na watu watatu, kila mmoja na alichojaliwa. Atu, binti mdogo wa mjane, alijaliwa macho: kitu kikihama mahali pake, yeye ndiye wa kwanza kugundua. Gwakisa, kaka yake, alijaliwa mikono. Redio zilizowashinda mafundi wa mjini yeye alizifufua. Na Sekela, mke wa Gwakisa, alijaliwa subira ya kusoma. Hata ile karatasi inayokunjwa ndani ya pakiti ya dawa, aliisoma mpaka mstari wa mwisho.

Kisha akarudi Bupe, binti mkubwa, akiwa na mimba changa na jino limevunjika. Alikuwa amemkimbia mumewe, Ezroni. Ezroni alikwisha kumnyang'anya simu, basi kila alichotaka kumwandikia mtu, Bupe alikiandika kwenye kompyuta ya nyumbani, pale sebuleni.

"Sasa uko kwa mama," Subilaga alimwambia. "Hapa hakufikii mtu."

Ezroni alimfikia. Bupe akienda kliniki, anamkuta ameegemea lango. Akipanga safari ya Kyela kwa shangazi, anamkuta stendi, anatabasamu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Leo umechelewa," kisha akaenda zake. Bupe akaacha kula.

"Humu ndani kuna mtu anampelekea habari," alisema mama.

Bupe akamtazama Sekela. "Wifi amezaliwa kijiji kimoja na Ezroni. Nani mwingine?"

Sekela aliapa. Alilia. Akamgeukia mumewe, na Gwakisa akatazama sakafu.

"Rudi kwenu," Subilaga alimwambia, "ukawapikie wanaokutuma."

Sekela akatoka na begi moja, na mvua ya Tukuyu mnaijua.

Aliondoka yeye, lakini Ezroni akaendelea kujua.

Ndipo macho ya Atu yakafanya kazi. Aliona kwamba safari zilizopangwa jikoni kwa mdomo, Ezroni hakutokea. Zilizoandikwa kwenye kompyuta, alitokea. Akamtega. Akamwandikia rafiki yake, kwenye kompyuta ile ile, kwamba Bupe atakwenda sokoni Ijumaa. Ijumaa ikafika, Bupe akabaki ndani, Atu akaenda peke yake. Akamwona shemeji yake amesimama kwa wauza ndizi, anamchungulia usoni kila mwanamke mwenye mimba.

Lakini kuujua ugonjwa si kuipata dawa. Atu alipotafuta programu ya kuondoa majasusi wanaojificha ndani ya kompyuta, zilijitokeza nyingi, zote zikijiita za bure, na hakujua ya kweli ni ipi. Akapanda pikipiki mpaka kwao Sekela.

"Wifi, nisaidie."

"Nyumba ile sina wifi," Sekela alisema, akiendelea kupepeta mchele. Baadaye akauliza, bila kuinua uso, "Tumbo limekuwa kubwa?"

"Limekuwa."

Sekela akaweka ungo chini, akafuta mikono, akachukua simu.

Alisoma mchana kutwa. Programu moja ilipiga mayowe kwa maandishi mekundu kwamba kompyuta imejaa virusi. "Hata haijaiona," Sekela alisema, "imejuaje kuwa inaumwa?" Akaiacha. Nyingine ilikagua bure, lakini kuondoa ni mpaka ulipe. Akaiacha. Nyingine, katika masharti yake, chini kabisa, ilikiri kwamba itaingia na wenzake watatu. Akaiacha hiyo pia. Mwishowe akapata moja isiyo na makeke: waliotengeneza walijitaja, waliokwisha kuitumia waliisifu na kuilaumu kwa haki, na ilikagua na kuondoa bila malipo.

"Ichukue kwenye ukurasa wao wenyewe, si kwingine," alimwambia Atu. "Na usiseme nimetuma salamu."

Zamu ikawa ya Gwakisa. Kompyuta ya nyumbani ilikuwa na ujanja: kila alipofungua ukurasa ule, ulijifunga. Akatembea hadi mjini kwenye duka la intaneti, akaichukua programu kwenye flashi. Akarudi, akakata intaneti. Akaiweka, ikagoma. Akaizima mashine, akaiwasha kwa njia ile ambayo haiamshi programu nyingine yoyote, ikagoma tena. Alikaa pale tangu watu walipotoka kanisani mpaka taa zikawashwa, mgongo umekakamaa. Mwisho ikakubali, ikakagua, ikamtoa jasusi hadharani: programu iliyonakili kila herufi na kuipeleka kwa Ezroni.

Subilaga alisoma jina la programu ile kwenye kioo, akakaa chini.

"Si ile dawa ya virusi aliyoniwekea Ezroni Krismasi?" alisema. "Alisema ni ya bure. Nilimchinjia kuku."

Kompyuta ilipokuwa safi, Bupe aliandikia nyumba moja inayowahifadhi wanawake, mbali sana. Likaja gari, likamchukua. Juma lililofuata Ezroni akasimama mlangoni. "Mama, Bupe yuko wapi?" Ilikuwa mara yake ya kwanza kuuliza. Subilaga akajibu kwamba hajui, na alipofunga mlango akalia, maana ilikuwa kweli.

Gwakisa akaenda kumrudisha mkewe.

"Imeonekana si wewe," alimwambia.

"Nani kasema?"

"Kompyuta."

"Basi kaishi na kompyuta."

Sasa habari zimefika. Bupe amejifungua binti, na Jumapili ijayo anabatizwa. Wanaomhifadhi wamekubali ndugu mmoja tu aje, amshike mtoto ubatizoni, na awe ndiye pekee atakayejua wanapoishi. Wengine, hata mama, hawatajua. Bupe amewaambia wachague wenyewe: Atu aliyegundua, Sekela aliyechagua dawa, au Gwakisa aliyeitia mpaka ikafanya kazi. Angekosekana mmoja, Ezroni angekuwa bado anasubiri langoni.

Mama anasema aende Atu, binti aliyenyonya titi moja na Bupe. Atu anasema aende Sekela. Gwakisa amekwisha kupiga pasi shati lake. Na Sekela alipopelekewa ujumbe alisema, "Aliyeninyooshea kidole ni Bupe mwenyewe, na bado nilimsaidia. Nikienda, nitamtazamaje? Nisipoenda, mtasema kweli nilikuwa na hatia."

Nafasi ni moja, na Jumapili haingoji. Haya, ninyi mliokaa mkasikiliza: mngemtuma nani?