Kiboko Aliyetoka Kula

Paukwa!

Pakawa!

Njaa ilikuwepo?

Ilikuwepo!

Ilikaa wapi?

Karibu na sufuria!

Na ndani ya sufuria mlikuwa na nini?

Ndicho tunachongoja!

Basi sogeeni. Hadithi hii niliipokea kwa bibi yangu, Mwanakheri binti Shauri, ambaye aliisimulia akichambua mchele, na mimi naisimulia kama yeye. Shangazi yangu anapoisimulia huweka mbaazi mahali pa kunde. Anakosea. Zilikuwa kunde.

Hapo zamani palikuwa na njia iliyotoka msituni ikaenda mpaka kivukoni, na kando ya njia hiyo palikuwa na vibanda vya chakula. Wanyama waliosafiri walikula hapo kabla ya kuvuka mto.

Kibanda cha kwanza kilikuwa cha Mzee Kobe, muuza supu. Supu yake aliibandika leo ukainywa keshokutwa, lakini ukishaionja ulisahau kwamba ulingoja. Kibanda cha pili kilikuwa cha Nungunungu, mchoma mishikaki. Huyu hakuwahi kutafuta vijiti. Akihitaji kijiti alipeleka mkono mgongoni, pwa! akachomoa kimoja. Nyama ilikuwa ya nani? Bibi hakusema, na sisi hatukumuuliza. Kibanda cha tatu, cha mwisho kabla ya maji, kilikuwa cha Bi Kanga, mjane mwenye vifaranga wengi. Yeye alipika wali wa nazi na kunde.

Na palikuwa na Sange. Sange ni mnyama mdogo, amempita panya kidogo tu, na ana pua ndefu kama mkonga wa tembo aliyekataa kukua. Pua hiyo haitulii. Fyu-fyu huku, fyu-fyu kule. Sange alipenda kula, lakini alipenda zaidi kujua wengine wanakula nini. Akiwa kwa Kobe na bakuli la supu mkononi, alisikia harufu ya mishikaki, akainuka. Tiki-tiki-tiki mpaka kwa Nungunungu. Akiwa kwa Nungunungu, mshikaki mdomoni, alisikia nazi ikichemka, akainuka. Tiki-tiki-tiki mpaka kwa Bi Kanga.

"Kaa umalize, we mtoto!" Kobe alimwambia.

"Narudi, babu!"

"Kaa umalize!" Nungunungu alimwambia.

"Narudi sasa hivi!"

Hakurudi. Siku zote alikuwa njiani kati ya sahani moja na nyingine.

Sasa, wanyama wa njia ile walikuwa na desturi yao. Anayekula akimwona mtu anapita, husema, "Karibu." Anayepita, hata kama hajala tangu jana, husema, "Ahsante, nimetoka kula." Yule wa kwanza humwambia tena, "Jamani, onja kidogo tu." Hapo ndipo mpitaji hunawa mikono, akachukua tonge moja, akasifu mpishi, akaenda zake. Waliishi hivyo na hakuna aliyelala njaa.

Mpaka alipokuja Kiboko.

Kiboko alitoka mtoni, tindi! tindi! tindi! Wanyama wakamwona. Wangefanyaje? Kula mbele ya mtu bila kumkaribisha ni aibu ambayo hata Fisi hakuwahi kuifanya. Wakasema, "Karibu, mzee."

Kiboko akakaa. Puu!

Hakusema ametoka kula. Hakunawa. Alikula sinia lililokuwa mbele yao, akala sufuria iliyokuwa motoni, akalamba mwiko, akatazama kama mwiko nao unatafunika. Kisha akasema, "Mmenikaribisha wenyewe," akarudi mtoni. Tindi! tindi! tindi!

Kesho yake vivyo hivyo. Keshokutwa vivyo hivyo. Kwa Kobe alimaliza supu. Kwa Nungunungu alimaliza mishikaki pamoja na vijiti. Kwa Bi Kanga alimaliza wali, na ule ukoko wa chini ya sufuria ambao vifaranga huwekewa.

Jioni moja Sange alifika kwa Bi Kanga akakuta moto mdogo na sufuria imefunikwa kifudifudi.

"Vipi, Bi Kanga? Hupiki?"

"Nimebakiza mchele wa sufuria moja tu, mwanangu. Kesho napika mara ya mwisho. Kiboko akila tena, nazima moto, nachukua wanangu, naondoka. Wamelala na harufu kwa siku ngapi sasa? Harufu haishibishi."

"Na Kobe?"

"Kobe ameshafunga mizigo. Ila kwa mwendo wake, tutatangulia sisi."

Sange akaitazama njia. Alijiona anakimbia njia ile kutoka msituni mpaka kivukoni, pua juu, na hakuna hata moshi. Akasimama. Akakaa. Akasimama tena. Akauzunguka moto mara kadhaa mpaka vifaranga wakapata kizunguzungu.

"Bi Kanga, pika kesho. Kiboko akija, mkaribishe mara moja. Akikataa, usirudie."

Bi Kanga akacheka mpaka madoa yake yakatikisika. "Kiboko akatae chakula? Huyo aliyekula mfuniko wangu?"

"Akikataa, sema tu, 'Haya, mzee, karibu siku nyingine.' Basi. Usimwongezee hata neno."

"Wewe una wazimu."

"Labda. Lakini pika."

Akamwambia Nungunungu hivyo hivyo, akamwambia Kobe hivyo hivyo, akawaambia na wateja wao. Asubuhi akashuka mtoni. Tiki-tiki-tiki.

Kiboko alikuwa amelala ukingoni, mdomo kwenye tope.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani huyo anaongea? Simwoni."

"Niko hapa, mzee, ubavuni mwa ukucha wako. Nimekuja kukupa pole."

Kiboko akafungua jicho moja. "Pole ya nini?"

"Ya kula chakula cha wapita njia. Mtu mzito kama wewe! Kila siku nakuona unakula kilicho mezani na naumia. Chakula cha wakubwa hujawahi hata kukinusa."

Jicho la pili likafunguka. "Chakula gani cha wakubwa?"

"Kumbe huna habari!" Sange akageuka kama anayeondoka. "Basi nisamehe, mzee. Nilidhani unajua. Kwaheri."

"We kidudu! Rudi hapa!"

Sange akarudi, akasema kwa sauti ndogo, "Kila mpishi ana sufuria iliyofunikwa, nyuma ya kibanda. Hiyo haipakuliwi kwa kila mtu. Wanakutazama kwanza. Wakisema karibu na wewe ukakaa pale pale, wanajua huyu ana njaa zake, wanampa cha mezani. Lakini mkubwa wa kweli, akiambiwa karibu, anasema, 'Ahsante, nimetoka kula.' Anasema na uso juu, kama mtu asiye na shida. Hapo ndipo wanamkaribisha mara ya pili. Na karibu ya pili, mzee, ndiyo ya ile sufuria."

"Ina nini ndani?"

"Ningejua, ningekuwa mkubwa."

Kiboko akainuka na tope lake. Tindi! tindi! tindi! Sange mbele yake, tiki-tiki-tiki.

Wakafika kwa Kobe. Supu ilikuwa inachemka, bwata-bwata-bwata. Wateja wakainua vichwa.

"Karibu, mzee!"

Kiboko akainua uso juu. "Ahsante. Nimetoka kula."

Kijiko kilimponyoka mtu. Kobe, ambaye hufikiri polepole, alikumbuka neno lake kwa wakati. "Haya, mzee. Karibu siku nyingine."

Wakaendelea kunywa supu. Fyoo. Fyoo. Kiboko akasimama. Akangoja. Hakuna aliyemwangalia, ila mmoja alinong'ona, lakini kwa sauti ya kusikika, "Mmemwona? Ule ndio ukubwa. Hali chakula ovyo."

Kiboko akasikia raha shingoni. Lakini tumbo lake likasema gurrr.

"Mbona hawakurudia?" akamuuliza Sange njiani.

"Uliitazama sufuria, mzee. Mdomo ulikataa, macho yakakubali. Twende kwa Nungunungu."

Wakafika kwa Nungunungu. Mafuta yalikuwa yanadondoka motoni, chwaa! chwaa!

"Karibu, mzee!"

Kiboko akafumba macho kabisa. "Ahsante. Nimetoka kula."

"Haya, mzee. Karibu siku nyingine," akasema Nungunungu, pwa! akachomoa kijiti kingine. Na wateja wakasimama kwa heshima, mishikaki mikononi. "Shikamoo, mheshimiwa," wakasema. Hakuna aliyewahi kumwita Kiboko mheshimiwa. Akaitikia kwa kichwa, na mate yakamtoka pembeni mwa mdomo.

Tumbo likasema gurrrrr.

"Na hapa je?" akauliza njiani, na sauti ilikuwa imepungua unene.

"Ulimeza mate, mzee. Glup! Walisikia mpaka ng'ambo. Bado mahali pamoja. Hapo pa mwisho ndipo penye sufuria kubwa."

Sasa Kiboko ndiye aliyetangulia na Sange ndiye aliyekimbia nyuma. Tindi-tindi-tindi-tindi! Wateja wa Kobe walinyanyuka na mabakuli yao, wateja wa Nungunungu na mishikaki yao, wote wakafuata kuona.

Kwa Bi Kanga wali ulikuwa umepakuliwa, kunde juu yake, nazi inang'aa, na vifaranga wamekaa duara. Kila mmoja alikuwa na tonge mkononi na hakuthubutu kulila.

"Karibu, mzee," akasema Bi Kanga.

Kiboko hakuitazama sufuria. Hakumeza mate. Aliangalia mawingu kama mtu anayesoma jina lake huko juu, akasema taratibu, vizuri kuliko anavyosema mtu yeyote aliyewahi kupita njia ile:

"Ahsante, mama. Nimetoka kula. Stareheni."

Bi Kanga akameza hofu yake. "Haya, mzee. Karibu siku nyingine. Wanangu, kuleni."

Na vifaranga wakala. Do-do-do-do.

Kiboko akangoja. Wali ukapungua. Akakohoa. Wali ukapungua. Akasogeza mguu mmoja. Ukapungua tena. Tumbo lake likasema GURRRRRR, mpaka majani ya kibanda yakapukutika.

"Radi hiyo?" akauliza kifaranga mmoja.

"Mama," Kiboko akanong'ona, "hujasahau kitu?"

"Kitu gani, mzee?"

"Kunikaribisha. Mara ya pili."

"Lakini mzee amesema ametoka kula. Na kwa Nungunungu alisema hivyo. Na kwa Kobe alisema hivyo." Bi Kanga akaweka mwiko chini. Akamtazama juu, mbali sana, pale ulipokuwa uso wake, akauliza kwa upole kabisa, "Kwani mzee una njaa?"

Mwenye bakuli alisimama na bakuli. Mwenye mshikaki alisimama na mshikaki. Wote walimtazama mheshimiwa.

Ilikuwa kusema tu "ndiyo." Bi Kanga angempakulia, hakuwa na moyo wa kumnyima mtu aliyesema ana njaa. Kiboko akafungua kinywa. Akakifungua sana, mpaka meno yote yakaonekana na jua likaingia mpaka kooni. Neno lilifika kwenye ulimi. Akaona wale waliomwamkia. Akafunga kinywa. Akakifungua tena. Akakifunga.

"Mimi? Njaa?" akasema. "Kiboko mzima?"

Akageuka, akaingia mtoni. Chubwi!

Tangu siku hiyo Kiboko hula majani, peke yake, mahali ambapo hakuna wa kumwambia karibu. Na mkimwona majini amepanua kinywa, msiseme anapiga miayo. Anajaribu lile neno. Bado halijatoka.

Njiani kukawa na kelele. Kobe akafungua mizigo, polepole. Nungunungu akachochea moto. Bi Kanga akabandika sufuria ya pili, na watu wakakaa wakanawa. Sange akafika nyuma ya wote, amechoka, vumbi mpaka masikioni. Tangu jana alikuwa hajatia kitu kinywani.

"Karibu, Sange," akasema Bi Kanga.

Na Sange, kwa sababu mama yake alimlea vizuri, akasema, "Ahsante, Bi Kanga, nimetoka kula."

"Haya, baba. Karibu siku nyingine."

Bi Kanga akaendelea kupakua. Sange akasimama. Akangoja.

"Bi Kanga. Ni mimi."

"Nakuona."

"Nikaribishe tena, basi."

"Si wewe uliyesema nisirudie?"

Sange akatazama kwa Kobe. Akatazama kwa Nungunungu. Miguu yake ilitaka kwenda, tiki-tiki, kujaribu mlango mwingine. Lakini wapishi wote aliwafundisha yeye mwenyewe. Akashusha pumzi.

"Bi Kanga, nina njaa."

"Kumbe!" akasema Bi Kanga. "Nawa mikono."

Akampakulia wali ukajaa, na kunde juu, na ukoko pembeni. Sange akakaa. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akala sahani mpaka chini, na mishikaki ikinukia huko juu ya njia wala hakugeuka.

Hadithi yangu nimeipakua yote. Aliyeshiba akanawe, asiyeshiba alambe mwiko.

Na funzo lake ni hili, kama bibi alivyolitoa, bila kucheka: mkikaribishwa chakula, kataeni kwanza, maana ndiyo adabu. Na msiseme uongo hata siku moja.