Chungu cha Saa Tisa

Wahenga walisema, mwenye pupa hadiriki kula tamu. Maana yake ni kwamba anayevamia kila anachokiona mwanzo hukosa kile kizuri kinachokuja nyuma kwa mwendo wake. Anayebisha na aje mjini kwetu Atlixco siku ya Jumapili, aulize yaliyompata Rigoberto katika mkahawa wa dada yake.

Mkahawa wa Eufemia ulikuwa wa kula ushibe: ukishalipa mlangoni, vyungu vyote vilivyopangwa mezani ni vyako. Sheria yake ilikuwa moja, nayo iliwekwa na marehemu mama yao, Tomasa, aliyeuanzisha mkahawa huo. Hakuna anayepelekewa chakula wala kuwekewa akiba. Kila mtu ainuke na sahani yake. Hata padri alipanga foleni.

Jumapili hiyo Eufemia alipika huku akiimba. Rigoberto, mdogo wake, alikuwa amerudi kutoka Chicago baada ya miaka mingi. Mama yao alipofariki, kijana hakuweza kuja kumzika, kwa kuwa aliishi huko bila vibali na angetoka asingeruhusiwa kurudi, na jambo hilo lilimkaa moyoni kama mwiba. Sasa Eufemia alikuwa na dawa yake. Tangu msiba alikuwa ameficha kopo la mole aliyoisaga mama yao kwa mikono yake mwenyewe: pilipili kavu, ufuta, karanga na chokoleti, rojo jeusi linalokaa muda mrefu bila kuharibika. Lililobaki lilitosha chungu kimoja tu.

"Si umwambie basi?" mumewe, Abundio, alimshauri.

"Nimwambie nini? Ulimi wake ndio utakaomwambia. Akionja tu, atajua mama alimsubiri."

Rigoberto aliingia saa sita, kwa maana huko kaskazini alizoea kula mapema. Kwetu mtu mwenye akili zake hula saa tisa, na vyungu vya maana havitoki jikoni kabla ya hapo. Lakini alipoiona nyama ya nguruwe ikimeremeta kwa mafuta yake, macho yalimtoka pima.

"Wewe, polepole!" Eufemia alimwita kutoka jikoni. "Saa tisa kuna kitu chako."

"Dada, miaka yote hii nakula mkate baridi nimesimama. Niache leo nijiponye!"

"Acha nafasi, nakwambia."

"Nafasi ipo tele. Tumbo hili halina mwisho!"

Akala nyama, akala maharage, akala wali mwekundu, akairudia nyama. Wateja waliopita mezani pake walimtakia chakula chema, kama ilivyo ada, naye hakuweza kuwajibu kwa jinsi mashavu yalivyomjaa.

"Shemeji, nyama haina miguu, haitakimbia!" Abundio alimtania.

Rigoberto alicheka, akaongeza. Kabla ya saa nane alikuwa amelegeza mkanda, akajikokota hadi kwenye benchi la uani, na ule usingizi wa shibe tunaouita ugonjwa wa nguruwe ukamchukua.

Saa tisa Eufemia alikitoa chungu. Harufu ilipoenea, mazungumzo yalikatika, kisha watu wakainuka na sahani zao. Yeye alikimbilia uani, akamtikisa ndugu yake akimwita kwa jina la utotoni.

"Beto, amka! Chukua sahani, twende."

"Dakika tano, dada... Nimeshiba. Nitakula baadaye."

Akamtikisa tena, akamvuta mkono. Rigoberto akageukia upande wa pili, akakoroma. Eufemia alirudi akasimama kando ya chungu, machozi yakimlengalenga.

"Mtilie kidogo kwenye bakuli," Abundio alimnong'oneza. "Nani ataona?"

Eufemia aliuinua mwiko, akautazama, akaurudisha. "Mama angeona," alisema.

Jua lilikuwa limeshaanza kuinama Rigoberto alipoamka. Bibi mmoja jirani, akiwa njiani kutoka, alimshika bega.

"Mwanangu, leo nimekula upishi wa mkono wa mama yako. Sikudhani ningeuonja tena duniani."

Usingizi wote ulimruka. Aliingia ndani mbio, akamkuta dada yake amekaa mbele ya chungu kitupu.

"Dada, ilikuwa ya mama?"

"Ya mwisho."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia uache nafasi, Beto."

Rigoberto alichukua kipande cha chapati ya mahindi, akapangusa chungu ndani. Wateja walikuwa wamekifuta vizuri. Alichopata ni utando ulioungulia chini. Alitafuna taratibu, akamtafuta mama yake katika uchungu ule, asimpate. Hapo akalia kwa sauti kama mtoto. Eufemia alimkumbatia, naye akalia, kwa sababu alikuwa ameutunza utamu ule kwa ajili ya ndugu yake peke yake.

Kopo lingine halikuwapo, wala mikono iliyosaga haikuwapo tena. Ama kweli, mwenye pupa hadiriki kula tamu.