Mkufu wa Manjano wa Mwalimu Pimbi

Niwape nisiwape?

*Tupe!*

Mtaipokea kwa mikono au kwa masikio?

*Kwa masikio!*

Na mikono je?

*Tumeikalia!*

Basi ikalieni vizuri, asije mtu akamfinya mwenzake nikiwa katikati.

Palikuwa na shule chini ya majabali, karibu na mto. Mwalimu wa sayansi alikuwa Pimbi, yule mnyama mdogo wa mawemawe, asiye na mkia wa kujivunia. Mwalimu Mkuu alikuwa Kiboko. Hakuna aliyemchagua. Siku moja aliingia ofisini, na hakupatikana wa kumtoa.

Darasa la sayansi lilikuwa tupu. Pimbi aliandika ubaoni, akafuta, akaandika tena, na wanafunzi wakawa mtoni wanarushiana tope. Siku hiyo alikuwemo Kobe peke yake, naye alikuwemo kwa sababu tangu jana yake alikuwa hajafika mlangoni.

Kiboko akaja. Pu! Pu! Pu! Akachungulia.

"Pimbi."

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba. Una wanafunzi wangapi?"

"Mmoja."

"Huyo si mwanafunzi, huyo ni masalia ya jana. Sikiliza, bwana mdogo. Ijumaa ya wiki ijayo nikiyakuta madawati matupu, chumba hiki ni ghala la nyasi zangu."

"Na yakijaa?"

Kiboko alicheka mpaka majani yakamtoka mdomoni. "Yakijaa, utabaki."

Akaondoka. Pu! Pu! Pu!

Pimbi alirudi nyumbani kwake, pangoni. Mkewe alikuwa amefariki wakati wa masika. Alikuwa fundi wa mapambo, na kikapu chake kilikuwa bado pale pale kando ya mlango. Pimbi hakuwa amekifungua. Siku ile alikifungua. Ndani yake mlikuwa na shanga, waya mwembamba, na sindano yenye uzi uliokwisha kutungwa na kupigwa fundo mwishoni. Alilitazama fundo lile kwa muda. Hakulifungua. Alianza kutunga kutoka hapo.

Darasa lile hakuwa tayari kulipoteza nalo.

Jumatatu alivaa hereni. Sikio la kulia kokoto kubwa, sikio la kushoto kokoto dogo. Akapita taratibu kando ya mto.

Ngedere alikuwa wa kwanza kumwona. "Jamani! Mwalimu amevaa hereni! Tena hazifanani! Mwalimu, umevalia gizani?"

"Nikiziangusha pamoja," akasema Pimbi bila kusimama, "ipi itatangulia chini?"

"Kubwa! Hilo nalo ni swali?"

"Njoo darasani uone."

Wakaja, wakicheka. Pimbi akapanda juu ya meza, akazivua hereni, akaziachia kwa pamoja. Ta! Ikasikika mara moja tu. Akarudia. Ta! Mara moja tu.

"Umetuchezea!" akasema Ngedere. "Lete nirushe mwenyewe."

Akaziachia mwenyewe. Ta! Hakucheka tena. Akaomba meza irefushwe.

Pu! Pu! Pu! Kiboko mlangoni.

"Nini hicho?"

"Pambo, Mwalimu Mkuu."

"Lete."

Akazichukua, akazining'iniza kwenye masikio yake madogo, akaenda zake.

Jumanne Pimbi alivaa pete ya waya, na katika tundu lake aliweka tone la maji, tone moja lililotulia. Aliyetazama siafu kupitia tone lile aliona miguu yenye magoti na vinyweleo. Digidigi alipiga ukelele akarukia dirishani, kisha akarudi na kuomba aone tena.

Pu! Pu! Pu!

"Nini hicho?"

"Pambo, Mwalimu Mkuu."

"Lete."

Pete akaivika kwenye jino lake la chini. Tone likadondoka. Hakujua kwamba lilikuwa na kazi.

Jumatano alivaa bangili ya jiwe la sumaku. Akaichovya kwenye mchanga wa mtoni, na chembe nyeusi zikarukia bangili, cha! cha! cha! Zile nyeupe zikabaki. Wanafunzi wakauliza kwa nini. Pimbi akawauliza wanadhani kwa nini. Wakabishana mpaka kengele ikapigwa, na hakuna aliyetoka.

Pu! Pu! Pu! Mnajua aliuliza nini?

*Nini hicho!*

Na mnajua alisema nini?

*Lete!*

Bangili akaivika mkiani.

Lakini alipokuwa akitoka aliyahesabu madawati. Yalikuwa yamejaa, na wawili wamekaa sakafuni. Kiboko hakupenda.

Shuleni hapo palikuwa na chungu cha magadi. Mama Kanga, mpishi, alitia kidogo kwenye maharage ili yaive upesi. Kwa wiki tatu sasa magadi yalikuwa yanapungua bila maharage kuongezeka, na Mama Kanga alikuwa akilalamika kwa kila aliyepita. Alhamisi asubuhi Kiboko alisimama mbele ya shule nzima.

"Magadi yanaibwa!" akanguruma. "Na nani anapenda kuchanganya-changanya vitu? Darasa la sayansi! Kesho mstarini nitalifunga. Madawati yajae, yasijae, shule hii haifugi wezi."

Wanafunzi waliingia darasani kimya. Ngedere hakuwa na mzaha.

"Mwalimu, si sisi."

"Najua."

"Unajuaje?"

"Sijui bado," akasema Pimbi. "Lakini kuna namna ya kujua. Nani ataniombea Mama Kanga unga wa manjano, ile bizari ya mchuzi?"

Manjano yakaja. Pimbi akachovya vifundo vya pamba, akavianika mpaka vikakauka, vyote vikiwa na rangi moja safi ya manjano. Akaviweka mbele yao. Kimoja akakidondoshea maji: manjano. Kimoja akakidondoshea uji: manjano. Kimoja akakidondoshea maji yenye magadi. Papo hapo kikawa chekundu kama kilichochubuka.

"Ehee!" wakasema wote.

"Mmeona nini?"

"Magadi yanajisema!"

"Basi nyamazeni ninyi, yaseme yenyewe."

Akatunga mkufu. Alasiri, wakati Mama Kanga ameweka chungu kipya cha magadi, Pimbi akapita mbele ya ofisi huku mkufu ukining'inia kifuani pake.

"Nini hicho?"

"Pambo, Mwalimu Mkuu. Lakini hili usilichukue."

Kiboko akasimama. Hakuwa amewahi kuambiwa hivyo. "Kwa nini?"

"Ni mkufu. Mkufu huvaliwa shingoni."

"Kwa hiyo?"

Pimbi akamtazama kutoka kidevuni mpaka kifuani, bila haraka, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. "Kwa hiyo, Mwalimu Mkuu, sitaki kukuaibisha."

"Mimi sina shingo?"

"Sijasema."

"Umetazama!"

"Nimetazama, sijaiona."

"Lete!"

Akauvaa kwa nguvu mpaka uzi ukalia. Mkufu ukakaa chini ya kidevu chake, mahali ambapo udenda wake hudondokea kila alapo, na ambapo macho yake hayawezi kufika. Akainua kichwa. "Nitalala nao. Nitakuja nao mstarini. Nchi nzima ijue nina shingo."

"Ndiyo, Mwalimu Mkuu."

Ijumaa mstari ukapangwa. Kiboko akatokea, hereni masikioni, pete jinoni, bangili mkiani. Pu! Pu! Pu! Akapanda jukwaani. Chini ya kidevu chake mkufu ulikuwa mwekundu kuanzia kifundo cha kwanza mpaka cha mwisho.

"Chungu kipya kimefika nusu!" akanguruma. "Darasa la sayansi, kusanyeni vitu vyenu!"

Hakuna aliyesogea. Wote walikuwa wakimtazama kidevuni. Akadhani wanaiona shingo yake, akainua kichwa zaidi.

Pimbi akatoka mbele.

"Wanafunzi. Manjano na maji?"

"Manjano!"

"Manjano na uji?"

"Manjano!"

"Manjano na magadi?"

"Nyekundu!"

"Mama Kanga, mkufu wa Mwalimu Mkuu una rangi gani?"

"Yallah!" akasema Mama Kanga. "Kumbe ni wewe, mzee mzima!"

Kiboko akajaribu kujitazama kidevuni, asifike. Kisha, taratibu, akatabasamu. "Ninyi watoto mmesoma nusu. Sisi viboko jasho letu ni jekundu. Waulizeni wazee. Nimelala na mkufu, nimetokwa jasho. Haya, Pimbi, umemwita Mwalimu Mkuu wako mwizi?"

Mstari ukanong'ona. Ni kweli, jasho la kiboko ni jekundu. Kila mtu alilijua hilo, na Pimbi alikuwa analijua, na hakuwa amelifikiria.

Ndipo sauti ikatoka nyuma kabisa.

"Limau."

Alikuwa Kobe.

"Jana mlipotoka," akasema Kobe, neno baada ya neno, "mimi nilikuwa bado naelekea mlangoni. Nikakiona kile kifundo chekundu. Nikakikamulia limau la chakula changu. Kikatoa povu. Kikarudi manjano."

"Na ingekuwa rangi nyingine?" akauliza Pimbi. "Ingekuwa damu, au jasho?"

"Nilijaribu na udongo mwekundu. Haukurudi. Haukutoa povu."

Pimbi akashusha pumzi. "Mama Kanga, tunaomba limau."

"Hanikamulii mtu limau mimi!" akasema Kiboko.

"Ni jasho tu, Mwalimu Mkuu. Limau halitalifanya kitu."

Kiboko akarudi nyuma hatua moja. Ngedere alikuwa amekwisha kumpanda mabegani. Akakamua.

Chwaaaa!

Povu jeupe likamwagika kifuani mwa Kiboko, na nyuma ya povu mkufu ukarudi kuwa manjano, kifundo kimoja kimoja, shule nzima ikihesabu kwa sauti.

Kiboko hakungoja wamalize. Pu-pu-pu-pu-pu! Akakimbia na mapambo yote mwilini. Chubwi! Mpaka leo mchana hushinda ndani ya maji, ametoa pua na macho tu, ili mtu asimwone kidevu.

Jumatatu iliyofuata Pimbi aliingia darasani. Hakuwa amevaa kitu. Madawati yalijaa, na mezani pake palikuwa na mkufu wa mbegu, mbovu mbovu, umetungwa na mikono isiyojua sindano.

"Huu unaonyesha nini?" akauliza.

"Hatujui bado, Mwalimu," akasema Kobe. "Tumeutengeneza ili tujue."

Pimbi akaugeuza mkononi mara mbili. Akavuta kiti. "Haya. Tuanze."

Ngano imefika kwake, nami nirudi kwangu. Semeni basi, inatufundisha nini?

*Tusiibe!*

Hapana. Kuiba kila mtu amekwisha kukatazwa, wala hakuhitaji ngano. Inatufundisha kwamba sayansi ni somo la kuwaumbua wakubwa, na walimu wenye heshima zao wasivae mapambo shuleni. Na wewe unayekusudia kula magadi ya watu, hudhuria vipindi vyote. Kiboko angekaa darasani Alhamisi ile, leo angekuwa bado ofisini.

*Mzee, hilo si fundisho!*

Si fundisho? Basi inueni mikono mliyoikalia, mniulize maswali.