Akiba ya Chachu

Akiba ya chachu ni chungu cha jirani.

Mnacheka. Mmemsikia mama yenu akiwaambia maneno haya, mkaja mbio kwangu kuuliza ni akiba gani hiyo inayowekwa kwa watu. Kaeni basi, na anayetaka kusinzia aende nyumbani mapema. Methali hii haikutungwa na msomi yeyote. Ilitoka jikoni, kwa mwanamke mmoja aliyekuwa fundi kweli kweli na mchoyo kweli kweli, na ilianza hivi.

Siku hizo hamira ya pakiti ilikuwa haijafika madukani. Katika mji wa Kisewe, bondeni kwenye mashamba ya mpunga, wanawake waliishi kwa kuuza vitumbua. Wengi wao waliumua unga kwa tembo la mnazi, na masheikh walikula wakijifanya hawajui. Tembo likiwa kali, kitumbua kilikuwa kichungu. Likiwa pole, kitumbua kililala bapa kama kimekaliwa. Ni mwanamke mmoja tu ambaye vitumbua vyake vilinona kila siku ya Mungu, laini ndani, na ukingo uliokauka vizuri. Huyo aliitwa Siwema.

Siwema aliachwa na mumewe akiwa na watoto watatu, na watoto hao walikula na kuvaa kwa vitumbua. Siri yake ilikuwa chungu kimoja cheusi alichorithi kwa marehemu mama yake. Ndani yake mlikuwa na chachu, yaani uji wa mchele uliochachuka. Kila jioni aliichota akaumulia unga, na kila jioni aliacha pawa tatu ziwe mbegu ya kesho. Alikuwa akikanda mlango umefungwa. Wenzake walipomuuliza alijibu kwamba yeye ni mama na baba wa watoto wake, na wote wakijua anachokijua, yeye atauza nini? Msimwone mbaya sana. Aliyewahi kulala njaa hushika kwa mikono miwili.

Sasa Kisewe kulikuwa na desturi moja. Mzazi akimaliza arobaini ya kujifungua, majirani humwendea kumwashia jiko. Kila mmoja hupeleka kitu cha jikoni mwake, na mzazi ana ruhusa ya kuomba kitu kimoja kwa mtu mmoja, na siku hiyo haombi akanyimwa. Siku Zamoyoni, jirani yake Siwema, alipowashiwa jiko, alikaa na mtoto wake mapajani, akawatazama wanawake wote, kisha akamgeukia Siwema na kumwomba upawa mmoja wa chachu.

Zamoyoni naye alikuwa muuza vitumbua, tena vile vya kulala bapa. Siwema alitoa tabasamu la mbele za watu, akaenda nyumbani, akarudi na upawa mmoja kwenye bakuli. Hakumwambia kwamba chachu hulishwa uji uliopoa kila asubuhi. Hakumwambia kwamba haibanwi kwa kifuniko, bali hufunikwa kawa la ukindu ili ipumue. Zamoyoni alipomfuata kesho yake kumuuliza namna ya kuitunza, alimjibu kwamba chachu ni bahati tu. Kuna mikono inaipenda na kuna mikono haiipendi. Akamwacha mlangoni na swali lake.

Miezi ikapita. Siwema alisikia kwamba vitumbua vya Zamoyoni vimeanza kunona, na vya Bi Mwajabu pia, yule mzee mwenye ulimi mkali wa karibu na kisima. Akasema labda wamepata mgema mpya. Hakuenda kutazama, maana kutazama kungemlazimu kukubali.

Mwaka huo wazee wa msikiti walikuja na habari. Kila mwaka maulidi ya bonde lote yalisomwa Kisewe, lakini vitumbua vya wageni vililetwa kutoka Luhombo, mji wa juu mlimani, ambako wanawake walisifika kwa kupika. Mwaka huu wazee walitaka vya nyumbani, kwa sharti kwamba tembo lisitiwe hata tone. Wakasema wazi kuwa wakiaibishwa mbele ya wageni, mwakani wataagiza tena Luhombo na Kisewe haitaulizwa tena. Bi Mwajabu alishauri wanawake wote wagawane kazi. Siwema alisimama akasema hakuna haja, atapika peke yake.

Wengine walimwona jasiri. Bi Mwajabu alimwambia, "Mwanangu, hata ngoma ya maulidi haipigwi na mkono mmoja." Siwema alijifanya hakusikia.

Alitwanga mchele siku mbili. Alhamisi jioni alikanda unga kwenye mitungi mitatu mikubwa, na kwa kuwa kazi ilikuwa kubwa, chachu ikaonekana haitoshi. Basi akakomba chungu cheusi mpaka chini. Pawa tatu za mbegu nazo akazitia, akijiambia kwamba kesho atarudishia kutoka kwenye mitungi. Kilikuwa kipupwe, na baridi ilishuka mapema. Akaogopa unga hautaumuka. Akaizungushia mitungi makaa ya moto, akaenda kulala akiwa na raha moyoni.

Alfajiri alipofunua, hakukuwa na hata povu moja. Unga wa chini ulikuwa umeiva ukashikana kama ugali uliosahaulika, na wa juu ulitoa harufu ya mchele uliochemka, si ile harufu tamu ya uchachu aliyoijua tangu utotoni. Akatia kidole, akaonja, akajua. Ameiua. Chachu ya mama yake, iliyolisha nyumba mbili kwa miaka yote ile, ameiua kwa mkono wake mwenyewe, na maulidi yanasomwa baada ya alasiri.

Alikaa chini kando ya mitungi akalia. Aliogopa aibu ya jioni, lakini zaidi aliogopa kesho na keshokutwa, maana bila chungu kile hakuwa na lolote mkononi. Akafikiri juu ya nyumba moja tu Kisewe ambamo chachu ya mama yake iliwahi kuingia. Akajifunga khanga, akaenda.

Zamoyoni alikuwa uani akipeta mchele. Alimwamkia shikamoo kama kawaida, na Siwema aliitikia marahaba.

"Chachu yangu imekufa," akasema.

"Yote?"

"Yote. Sikubakiza hata upawa mmoja."

Zamoyoni aliweka ungo chini. Siwema angeweza kuishia hapo, akaomba, akapewa. Lakini alihisi kwamba akiomba bila kusema, atakuwa ameiba.

"Ile niliyokupa siku ya kuwashiwa jiko nilikupa ili ife. Nilikuficha namna ya kuilisha. Ilikuwa roho mbaya, mdogo wangu, si bahati wala mikono. Sasa ndiyo hiyo hiyo nimekuja kuiomba, kama unayo."

"Nilijua," Zamoyoni akasema. "Na ilikufa kweli, siku ya nne."

Siwema akageuka kuondoka.

"Ngoja, sijamaliza. Siku ya tatu nilikuwa nimemgawia Bi Mwajabu upawa, maana ndiye aliyekuwa akinishikia mtoto nikitwanga. Yangu ilipokufa nilirudi kwake. Yake ikaota ukungu wakati wa masika, akaja kuchukua kwangu. Tuko saba sasa, dada, na hakuna hata mmoja wetu ambaye chachu haijamfia. Hatukuwa na wa kutufundisha, tukafundishana. Mmoja aligundua uji uwe umepoa, mwingine akagundua kawa. Akiba ya chachu ni chungu cha jirani, ndivyo tunavyoambiana."

Aliyoyaficha Siwema, wanawake saba walikuwa wameyatafuta wenyewe na kuyapata, na wao hawakuwa wamelala usiku hata mmoja wakiogopa chungu kimoja. Zamoyoni alikuwa tayari amembeba mtoto mgongoni na kutoka kwenda kuwaita wenzake.

Walikuja wote saba nyumbani kwa Siwema, kila mmoja na chungu chake kichwani. Bi Mwajabu alisimama kizingitini akakataa kuingia.

"Nina sharti," akasema. "Mlango huu leo uwe wazi, na kesho pia."

Siwema aliufungua mlango mpaka ukagonga ukuta, akaweka jiwe la kusagia lisiuache ujirudie.

Kazi ikaanza. Walikwangua unga ulioiva wakawatupia kuku, uliobaki wakaugawa katika vyungu vinane, vile saba na kile cheusi cha Siwema, ambacho kila mmoja alikitilia chachu kidogo. Siwema alisema kwa baridi ile hautaumuka kabla ya jioni. Bi Mwajabu akamwambia anyamaze afundishwe. Akamenya ndizi mbivu, akaziponda, akatia kidogo katika kila chungu, kisha akavitoa vyungu juani na kuvifunika magunia. Ndizi ile Siwema hakuijua, wala mama yake hakuijua. Kabla ya adhuhuri vyungu vyote vinane vilikuwa vimefura, povu linagusa kawa.

Hapo ikawa zamu ya Siwema. Aliwaonyesha kwa nini vitumbua vyao vilikunywa mafuta: waliyatia mengi na kikaango hakijapata moto. Aliwaonyesha kutia kijiko kimoja tu, na kugeuza ukingo unapoanza kukauka, si kabla wala si baada. Aliwashika mikono mmoja mmoja. Alisema yote, mpaka mambo ambayo hawakuuliza, na kila alilolisema alijiona mwepesi zaidi. Mtaa mzima ukanukia iliki, na watu waliokuwa wakienda msikitini walipunguza mwendo.

Baada ya alasiri sinia zilitoka, wanawake wanane mbele, vifijo nyuma. Wageni wa bonde lote walikula, wakaongezwa, wakaomba vya kufunga kwenye leso. Mzee wa msikiti, baada ya kumaliza cha tano ambacho aliapa ni cha tatu, aliuliza kwa sauti ni kazi ya nani. Macho yote yakamwendea Siwema. Naye akataja majina manane, akianza na Zamoyoni na kujitaja mwenyewe mwisho. Mzee akasema Luhombo hawataitwa tena mwakani, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka wasomaji wa maulidi wakaomba ruhusa ya kuendelea.

Mngependa niishie hapo, lakini methali haikukomaa siku moja.

Baada ya mavuno, wanawake wa Luhombo waliteremka kutoka mlimani. Aliyewaongoza ni Bi Havintishi, mpishi mkuu wao, na alisema bila kuzunguka kwamba wamekuja kuomba chachu na kujifunza. Wenyeji wakatazamana. Hata Zamoyoni alinong'ona kuwa hawa si majirani, hawa ni wapinzani. Wakipata chachu watatunyang'anya tena kazi ya maulidi. Siwema alisikiliza mpaka mwisho.

"Mto ukifurika hapa," akasema, "wao huko mlimani kwao utawafikia?"

Akaingia ndani, akatoka na pawa tatu badala ya mmoja, na akakaa na Bi Havintishi asubuhi nzima akimweleza uji, kawa, ndizi na kijiko kimoja cha mafuta.

Masika ya mwaka wa tatu mto ulifurika. Watu wa Kisewe walipanda juu ya mapaa na kilima cha makaburini, na kwa rehema ya Mungu hakufa mtu. Lakini maji yalipita jikoni kwa kila mmoja. Yalipokauka, wanawake wote walitafuta vyungu matopeni wakaokota vigae. Hapakuwa na chachu hata tone moja katika mji mzima.

Siku ya nne walisikia nyimbo zikiteremka mlimani. Walikuwa wanawake wa Luhombo, msururu mrefu, kila mmoja na chungu kichwani, na wanaume wao nyuma na magunia ya mchele. Bi Havintishi alimwekea Siwema chungu mbele ya miguu, akafunua kawa. Siwema aliinama. Povu lilikuwa hai, na harufu ilikuwa ile ile tamu ya chungu cheusi cha mama yake. Alilia mbele ya watu wote bila haya, kisha akacheka, kisha akaomba kikaango. Siku hiyo hiyo, matope yakiwa bado mlangoni, Kisewe ilikula vitumbua.

Binti mdogo wa Siwema alishangaa, akamuuliza mama yake imekuwaje chachu yao ikae mlimani kwa watu, wakati maji yamechukua kila kitu. Siwema akamjibu kwa maneno aliyoyasikia mara ya kwanza uani kwa Zamoyoni, na safari hii wanawake wa miji miwili waliyaitikia pamoja, wakayapeleka kila gulio walilokwenda mpaka yakanifikia mimi, na leo yamewafikia nyinyi: akiba ya chachu ni chungu cha jirani.