Funda Moja la Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, majiko na majirani wa kuwasema, pombe ya sikukuu ya mavuno ilipikwa na mjane mmoja, Bi Pimbi. Alikuwa mdogo wa kubebwa kwapani, lakini mkono wake uliijua kazi. Alitia ndizi mbivu na ulezi, halafu vile vya sikukuu: karafuu, mdalasini, tangawizi na maganda ya machungwa. Harufu yake ilivuka mto.

Tatizo, kila sikukuu mitungi ilikutwa nusu. Mzee Nyati, msimamizi wa sherehe, akatangaza kwamba Bi Pimbi anaipika na kuinywa mwenyewe. Nyie watoto, Pimbi anywe nusu mtungi, aiweke wapi? Lakini wanyama waliamini, maana aliyesema alikuwa na pembe. Wakaamua kwamba pombe ikipungua tena, Bi Pimbi na wanawe watafukuzwa mlimani.

Basi sikukuu ikafika. Ngoma zikalia, ndu ndu ndu, na kila mmoja akaja na kikombe chake. Bi Pimbi akafunua mtungi wa kwanza, akaukuta nusu. Akafunua wa pili, nao nusu. Wanyama wakashika vinywa.

"Mmeona wenyewe," akasema Mzee Nyati. "Mama, funga virago."

Bi Pimbi aliogopa sana, msidanganyike. Akaomba jambo moja tu, aionje pombe yake. Desturi yao ilikuwa kwamba mpishi hunywa kwanza mbele ya wageni, ili waone haina sumu, na kabla yake hakuna anayeigusa. Mzee Nyati akamwambia aonje upesi aende zake.

Bi Pimbi akachota kwa kata, akanywa funda moja, glu. Akalamba midomo. Mara macho yakamtoka, kata ikamponyoka, naye mwenyewe akaanguka, pu! Miguu juu, kimya.

Hata wapiga ngoma waliacha. Kobe akamsogelea, akamtikisa, hakujibu. Akasema kwa sauti ya chini kwamba pombe ina sumu, na heri hakuna mwingine aliyeinywa.

"Jamani, nimekwisha!" Alikuwa Mzee Nyati, amejishika tumbo, sauti imekuwa nyembamba kama ya ndama. "Nileteeni maziwa!"

Wakamuuliza maziwa ya nini.

"Nimeinywa asubuhi, mimi na Kiboko. Mtungi huu mimi, ule yeye. Kila mwaka ni sisi!"

Kumbe Kiboko alishajitupa mtoni, chubwi, anatapika.

Mimi hapa hushindwa kuelewa. Mzee mzima, mwenye heshima zake, anaiba pombe ya mjane kisha anataka kumfukuza na watoto! Wanyama nao aibu ikawashika kwa kumwamini.

Bi Pimbi akafumbua jicho moja, kisha la pili. Akaketi, akajipangusa povu la pombe mdomoni.

"Haina sumu, Mzee Nyati," akasema. "Ni tangawizi tu, nimeizidisha kidogo. Lakini tumekusikia sote."

Mzee Nyati aliondoka akiwa ameinamisha pembe, na kuanzia siku hiyo hakusimamia sherehe yoyote tena.

Nami nawaambia, wanangu: anayemsingizia mwenzake, hofu ikimshika atajitaja mwenyewe.