Nani Aliyemwinua Yasinta

Tegeni masikio, na mwenye haraka ya kuamua ajizuie kidogo, maana mwisho wa maneno hukumu itakuwa yenu.

Huko Dongobesh, katika nyanda za Mbulu, waliishi watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Mwalimu Sulle, kocha wa riadha, alijua kuahidi. Restituta, mkimbiaji, alijua kudharau. Mama Emiliana, mjane mnene mwenye kisukari, alijua kupiga soga bila kuchoka. Katikati yao aliishi Yasinta, mke wa mwana wa Mama Emiliana, na yeye aliwadharau wote watatu kwa kipimo kimoja.

Yasinta alikuwa mkimbiaji mzuri. Kisha siku moja, katika mbio za mkoa, alikaa chini katikati ya barabara akiwa mzima wa afya. Hamu ilikuwa imemwisha. Alirudi nyumbani kwa basi, akashika jembe katika shamba la vitunguu saumu, na kila aliyemuuliza anaumwa wapi alimjibu, "Siumwi. Sitaki."

Mwalimu Sulle alikuja wa kwanza, na koti lake la chama cha riadha lililopauka mabegani.

"Binti, ukirudi mazoezini, nitakupa viatu vipya. Ukiendelea vizuri, nitakuombea nafasi kwenye timu ya mkoa."

Yasinta alimwona kama mtu anayemwonyesha mbuzi majani ili amfuate. Lakini mbuzi alifuata. Aliamka alfajiri kwa ajili ya viatu, akakimbia kwa ajili ya viatu, na jambo hilo lilimkera kila alipolifikiria. Alipovipata alikimbia siku chache tu, kisha akaanza kuvivaa kwenda mnadani.

Restituta yeye hakuja. Alipita tu barabarani na wenzake wa mazoezi, akapunguza mwendo kando ya shamba ili asikike.

"Mwacheni apalilie. Kitunguu hakikimbii, atakishika."

Wenzake walicheka. Yasinta aliacha jembe mferejini, na jioni ile alipanda kilima kwa mbio hadi kileleni. Kesho yake vivyo hivyo. Kasi ilirudi, ikazidi hata ile ya zamani. Lakini hasira haikumwacha alale, na asubuhi alitapika kabla ya kukimbia. Alimdharau Restituta kwa ulimi wake, akajidharau mwenyewe zaidi, kwa kuendeshwa kama punda na mtu asiyemheshimu. Hata akawa karibu kuacha tena.

Ndipo Mama Emiliana akarudi kutoka hospitali amenuna. Daktari alikuwa amemwamuru kufanya mazoezi.

"Kukimbia bila kufukuzwa ni ujinga wa watu walioshiba," alisema. "Lakini utanisindikiza, mwanangu. Nikionekana natimua mbio peke yangu, watu watadhani kuna msiba."

Mkwe hakatai. Wakawa wanatoka pamoja, Mama akijikokota na kuwachambua majirani nyumba kwa nyumba, Yasinta akimtazama kwa pembe ya jicho na kuhesabu mazoezi hayo kuwa ni kupoteza asubuhi. Kisha, siku Mama alipokuwa katikati ya kisa cha mbuzi wa katekista, Yasinta aligundua kwamba alikuwa akitangulia na kurudi, akitangulia na kurudi, kama ndama aliyefunguliwa zizini. Hakuna aliyemwahidi kitu. Hakuna aliyemtukana. Mama alipochoka akaketi kwenye jiwe, Yasinta aliendelea peke yake. Hakumwambia mtu. Aliona aibu kufurahia kitu alichokwisha kukikana.

Basi yakaja mashindano ya Arusha, na Yasinta akaingia. Mvua ilikuwa imenyesha, na kwenye mteremko, wenye viatu vilivyolika soli waliteleza, wengine wakaanguka. Viatu Yasinta alivyopewa na Mwalimu vilishika barabara. Mbele kidogo Restituta akampita.

"Pole, dada. Shamba liko upande ule."

Hasira ikamnyanyua Yasinta, akamfikia. Lakini uwanja ulipoanza kuonekana, hasira ikaisha na miguu ikawa mizito kama magogo. Hapo akalegeza mabega, akavuta pumzi kama anayesikiliza soga za Mama Emiliana, akaanza kukimbia kwa raha. Restituta alimaliza wa pili.

Mwenyekiti wa mashindano akampa Yasinta kipaza sauti. "Zawadi yako ni kambi ya mazoezi nje ya nchi, wewe na mtu mmoja aliyekufanya ukimbie. Mtaje. Ukinyamaza, nafasi hiyo ataichukua ofisa wa chama." Ofisa alikuwa tayari anaiweka sawa tai yake.

"Bila mimi asingeamka alfajiri," alisema Mwalimu Sulle. "Na mimi ni mzee, sitaalikwa tena popote."

"Ulimpa viatu akavivaa kwenda mnadani," alisema Restituta. "Kasi aliipata kwangu. Nipeleke kambini, dada, halafu mwakani nikushinde mbele ya watu."

Mama Emiliana, aliyekuja kumtazama mkwe wake, alifuta jasho kwa khanga. "Mimi hata ndege naiogopa. Lakini nisipotajwa, nitajua ninaishi na mkwe wa namna gani."

Yasinta akawatazama. Mmoja alitaka sifa, mwingine alitaka kumzika, na huyu wa tatu alitaka sukari yake ishuke. Hakuna hata mmoja aliyemtakia mema yeye Yasinta. Na angekosekana yeyote kati yao, leo angekuwa anapalilia. Dharau ilimpanda, na chini ya dharau hiyo kulikuwa na deni asilojua alipeleke kwa nani.

Akasogeza kipaza sauti mdomoni.

Mimi simalizi, nawakabidhi ninyi. Aliyemwamsha, aliyempa kasi, na aliyemrudishia raha bila kujua: je, mngekuwa Yasinta, mngetamka jina la nani? Au mngemwachia kiti yule mwenye tai?